Ile Foto ya Makumi Tatu na Saba

Ninyi vijana mwenye kupiga foto na telefone, mwenye kuja kuketi ku mulango yangu hapa Masisi na kuniuliza, "Koko, siri ya kazi ni nini?", vuteni viti. Siri iko, na haiko ndefu. Ile iko ndefu ni njia ya kuifikia. Njia ile inapita Lushebere, mu kambi ya wadeplase, watu wenye walikimbia vita, ku nyumba ya shitingi, ile turubali ya misaada, ya Mama Faida, mwenye aliniambia siku moja:

"Mama Foto, ninaanza kusahau pua ya bwana yangu."

Hakulia. Alikuwa anachambua maharagi. Alisema vile mutu anasema chumvi imeisha.

Mutangoja kidogo mbele ya kufika ku ile pua.

Mimi nilisoma mpaka mwaka wa tatu wa primere. Kiisha mama yangu akazaa mapasa, na mutu wa kubeba mumoja wao akakosekana, njo masomo ikaishia pale. Kwa hiyo musinitafutie maneno ya kitabu. Neema, mutoto wa binti yangu, alitaka kunisahihishia karatasi hizi. Pale alisahihisha vizuri nimeacha. Pale pengine nimerudisha.

Kazi hii niliirithi kwa bwana yangu, naye alikuwa angali muzima. Njo yeye alinunua aparei ya kupiga foto ku Goma, njo yeye alijenga chumba, njo yeye alichora neno "Studio" ku ukuta na makala. Kitu kimoja tu kilimushinda: vichwa. Mbele alikuwa fundi wa viatu, na jicho lake lilikuwa limezoea kushuka. Watu walikuwa wanakuja kuchukua foto zao, wanakuta viatu, kikwembe, mikono, na pale shingo inaanza, karatasi inaisha. Siku moja katekista akaleta yake, akaiweka juu ya meza, akauliza:

"Papa, huyu ni nani?"

Bwana yangu akaangalia sana.

"Viatu ninavijua," akasema.

Kesho yake aparei ilikuwa ku shingo yangu.

Musifikiri mimi sikuharibu. Muzee mumoja alikuja, uso wake ulikuwa muzuri kama shamba yenye kulimwa vizuri, mistari yote imenyooka. Nikasogea karibu, nikamupiga kutoka kifua kwenda juu. Alipokuja kuchukua, akageuza karatasi, akaangalia nyuma yake, akarudi mbele.

"Miguu yangu umeipeleka wapi?"

"Papa, haikuingia."

"Ilikuwa hapa. Nilikuja nayo."

Akaiacha foto juu ya meza. Mwezi ule ule akavunjika kifundo cha muguu, na mpaka leo familia yake inanisalimia kwa mbali.

Toka hapo nikajua sheria ya watu wetu. Mutu anataka kuwa muzima, toka kitambaa cha kichwa mpaka viatu, amesimama kama muti wa bendera, hacheki. Redio iko pembeni, maua ya plastiki iko mbele, saa iko ku mukono. Saa ilikuwa moja tu, ya studio, na ilikufa zamani. Mukiingia mu nyumba za Masisi, muangalie zile foto za zamani ku ukuta: watu wote walifunga ndoa saa tisa na robo. Wengine walibatizwa saa ile ile.

Nami nilikuwa ninawapiga vile walitaka. Lakini nilikuwa ninaona kitu kingine. Mutu akisimama mbele ya aparei, anavaa uso. Uso ule alitoka nao nyumbani, ameupiga pasi. Ukimuambia "imeisha, Mama, aksanti", anapumua, mabega yanashuka, na hapo njo anafika mwenyewe, kama mutu mwenye alichelewa njiani. Inadumu kidogo tu, wakati wa kumeza mate mara moja. Kiisha anaanza kutafuta mufuko wake na imepita.

Nilijaribu kuwapiga pale. Weee! "Mama Foto, ulisema imeisha! Umenipiga bila uso!" Mama mumoja akanirudishia yake, akasema: "Hii siitaki. Huyu ni mama yangu." Mama yake alikuwa mutu wa kupendwa na kijiji kizima, lakini haikusaidia.

Basi nikatafuta fasi ya kuweka ile njaa yangu. Pelikule moja, ule ukanda wa aparei za zamani, ilikuwa na foto makumi tatu na sita, iliandikwa ku sanduku. Lakini ukiiingiza polepole, ku kivuli, bila kuvuta mingi mbele ya kufunga mulango ya aparei, ku mwisho inakupa ingine moja. Ya makumi tatu na saba. Haiko mu hesabu ya mutu. Huwezi kuiahidi, juu fundi wa labo ku Goma, kule wanasafisha foto, akiwa anatoa pelikule mu sanduku yake, anaweza kuikata nusu na mukasi. Makumi tatu na sita zilikuwa za watu. Ya makumi tatu na saba ilikuwa yangu.

Ile sikuipiga na kichwa. Niliipiga na tumbo. Mara ingine nilitembea nayo siku nne mu aparei, ninaibeba kama yai. Bwana yangu anauliza, "Unangoja nini?" Ningejua ninangoja nini, nisingengoja, ningeenda kukitafuta. Nilipiga viatu ku mulango ya kanisa, vyote vinaangalia inje isipokuwa kimoja. Nilipiga mukono wa bibi harusi ukikuna kichwa chini ya kitambaa. Nilipiga mbuzi ya mahari ikila maua ya plastiki, nayo ilikuwa foto nzuri, lakini maua ilikuwa ya studio na nilisumbuka.

Labo haikuwa inazitoa ku karatasi. Ilinirudishia negatifu tu. Niliziangalia ku mbingu, vile munaangalia yai kama iko na kifaranga. Mutu mweusi anakuwa mweupe, meno yake inakuwa nyeusi, jua inakuwa shimo. Ninyi hamujue kusoma negatifu. Mimi nilizoea mpaka nikawa ninajua watu wote mara mbili. Nilizifunga mu kopo ya maziwa ya unga, na makala kavu ndani ya kitambaa ili inywe unyevu. Makala, si majivu. Majivu inakwaruza. Hilo andikeni hata kama hamutalihitaji.

Sasa Itebero.

Itebero iko mbali, mu pori ya Walikale. Fotografe wa kiume walikuwa wanasema ni mbali sana, kwa hiyo nilienda mimi. Njia ilikuwa ya miguu, matope, mito, siafu, na vizuizi vya watu wenye bunduki. Ku kizuizi kimoja, sitakitaja, kijana mumoja akashika aparei, akasema: "Fungua tuone watu wenye uliweka ndani."

Nikamuambia: "Wangali wanalala. Ukiwafungulia jua, wanakufa wote."

Akairudisha polepole na mikono miwili. Kusema kweli, sikumudanganya.

Itebero nilikuwa ninalala kwa Papa Kabutwa na muke wake, huyu Mama Faida. Papa Kabutwa alikuwa muwindaji wa wavu. Pua yake ilipigwa na tawi akiwa kijana, ikaamua kwenda upande mumoja na haikurudi. Alikuwa na mbwa mwenye anaitwa Watasema. Mbwa za kule hazibweki, njo maana zinafungwa kengele ya muti ku shingo, ili mutu asikie mu majani ziko wapi. Nilimuuliza kwa nini alimuita mbwa Watasema. Akasema: "Juu ya majirani." Sikuuliza tena.

Wawindaji walitaka foto na nyavu zao. Nikaenda nao mu pori. Wavu ilikuwa imetandikwa toka muti mumoja mpaka mwingine, ndefu kama ukuta wa kanisa, na mwangaza ilikuwa muzuri upande wa pili. Nikainua kikwembe, nikaruka.

Wanaume wote wakaacha kamba. Hata kengele ya Watasema ilinyamaza.

"Mama," Papa Kabutwa akasema, "unajua umefanya nini?"

"Nimefuata mwangaza."

"Umeruka wavu."

"Lakini sikuigusa!"

"Ungeigusa, ingekuwa afadhali."

Mwanamuke haruki wavu. Mutoto wa miaka minne wa Itebero anajua. Mimi, mama muzima wa Masisi, mutu wa maharagi na mihogo, nilijua wapi? Siku ile hawakupata hata panya. Mangaribi walipitisha nyavu ku moshi ya majani, na Papa Kabutwa akatafuna kitu, akatemea nyavu, akatemea mbwa, kiisha akaomba aparei yangu, akaitemea nayo.

"Ku kioo, Papa?"

"Hii nayo ni wavu. Isipooshwa, itakunyima."

Niliporudi Masisi nikaungama ku Padiri. Akauliza kama aparei ilitumika kiisha ya yale mate. Nikasema, "Padiri, inatumika vizuri kupita zamani." Akanipa Salamu Maria tatu, na akaniomba nije Jumapili, Siku ya Mungu, kupiga foto ya waimbaji wa korali.

Kesho ya ile moshi, Papa Kabutwa alinirudisha mu pori. Akanionyesha muzizi wa muti, akasema keti.

"Unakimbilia foto kama mbwa mutoto. Usiangalie nyama. Angalia fasi yenye itapitia."

"Nitajuaje itapitia wapi?"

"Hutajua. Keti mpaka tumbo ijue."

Watu wakisikia hii wanasema ni hekima. Mimi nilifikia kwake miaka mingi, naweza kuwaambia: alikuwa muvivu wa kueleza. Lakini niliketi. Na kwa ndoa zote zenye nilipiga toka pale, sikukimbia tena. Ninyi munazunguka bibi harusi kama nzi, telefone juu, munapiga foto mia mbili, kiisha munakaa siku tatu kutafuta ile yenye hakufunga macho. Mama wa bibi harusi munamuacha. Yeye hatalia mbele ya watu, yuko na heshima yake. Ataenda ku jikoni, karibu na sufuria ya mafuta, juu hapo moshi inamupa sababu. Fika ku jikoni mbele yake. Omba muhogo ya kumenya. Menya. Atakuja.

Mama Faida alikuwa anataka foto moja tu ya bwana yake. Kila safari yangu, mbele hata ya kunipa maji ya kunawa, alianza.

"Papa Kabutwa, huyu mama anakula bugali yetu, anachafua mashuka yetu, na wewe unakataa akupige foto moja?"

"Mwenye kuonekana njo anapikwa," Papa Kabutwa alijibu, na akaendelea kula.

"Nani atakupika weye? Weye ni mifupa!"

"Mifupa inapikwa muda murefu, lakini inapikwa."

Siku moja akachoka na yale maneno, akanigeukia. "Mama Foto, apa. Apa mbele ya hii bugali kwamba aparei yako haitaniangalia uso." Mama Faida alikuwa ananiangalia, macho yake inasema usiape. Lakini nilikuwa nimekula kwake. Nikaapa.

Sasa sikilizeni, juu yote inasimamia hapa.

Safari ingine, nilikuwa nimemaliza ubatizo, makumi tatu na sita zimeisha, imebaki ile yangu. Asubuhi nikaenda nao mu pori, nikaketi ku muzizi wangu. Papa Kabutwa alikuwa ananipa mugongo, anafunga kamba ya wavu ku muti. Nikasema mu roho: niliapa uso, sikuapa mugongo. Aparei ilikuwa ku jicho. Sikuwa ninamuangalia yeye. Nilikuwa ninaangalia fasi ya wazi pembeni yake, haikuwa na kitu, majani tu na jua kidogo chini. Tumbo ikasema ngoja. Kengele ya Watasema ilikuwa inalia mbali, kiisha karibu, kiisha ikanyamaza. Mbwa akatoka mu majani, akasimama mu ile jua, akaniangalia. Nikabonyeza.

Na wakati ule ule Papa Kabutwa akageuka.

Tukaangaliana. Akarudi ku kamba yake, akamaliza kufunga. Mimi nilificha aparei chini ya kikwembe, kama mutu mwenye aliiba sanamu mu kanisa.

Mangaribi waligawa nyama. Kule mugeni mwanamuke anapewa mbavu. Muguu wa nyuma ni wa mutu mwenye mukono wake uliua. Mama Faida akaniletea majani yenye kufungwa, nikafungua: muguu wa nyuma. Nikamuambia, "Mama Faida, mumekosea." Akasema, "Kula," akaenda. Nikala. Nikafikiri walichanganya katika kugawa.

Negatifu ilirudi toka Goma. Nikaiinua ku mbingu. Mbwa muzima, wavu, muti, na ku mwisho kabisa, pale mukasi ulipita, Papa Kabutwa. Nusu. Sikio moja, jicho moja, nusu ya kinywa. Nikaitia mu kopo na sikumuambia mutu. Kiapo ni kiapo, hata cha bugali. Na kila safari Mama Faida alikuwa ananiangalia mikono nikifika, kama mutu mwenye anangoja kitu, na mimi nilidhani ni sabuni.

Kiisha vita ikaja. Munaijua, musinifanye niieleze. Siku ya kukimbia, kila mutu alibeba chenye anaweza. Mimi nilibeba kopo ya maziwa. Bwana yangu akaniuliza tutapika mu nini. Nikamuambia tutajua mbele. Mbele hatukujua, na alinikumbusha ile sufuria mpaka siku alikufa, Mungu amupumzishe.

Itebero nao walikimbia. Papa Kabutwa alishikwa na homa njiani. Walimuzika kando ya njia, wakaweka mawe, wakaendelea juu nyuma bunduki zilikuwa zinalia. Mama Faida akafika Lushebere na watoto wa watoto na sufuria mbili. Sufuria mbili! Alikuwa mwanamuke wa mayele, wa akili mingi.

Niliposikia yuko Lushebere nilienda kumuona, na njo pale, akiwa ku maharagi yake, aliniambia yale maneno ya pua. Kiisha akaendelea: "Sauti yake ninayo. Kutembea kwake ninako. Lakini uso, nikifunga macho, unakuja wa kaka yake. Kaka yake sikumupenda. Watoto wanaomba foto ya kuweka ku ukuta siku ya misa yake, vile watu wote wanafanya. Nitaweka nini, mawe?"

Nikarudi nyumbani. Negatifu ilikuwa mu kopo, chini ya kitanda changu. Usingizi ilinikataa. Papa Kabutwa aliniapisha, na mutu mwenye alikufa huwezi kumuomba akufungue kiapo. Lakini Mama Faida, yule muzima, alikuwa anapoteza uso ule, kila siku kidogo. Leo pua. Kesho je?

Nikamuita Neema.

Neema anapiga foto na telefone, ndoa na ubatizo, hapa Masisi-sentre. Anafanya kazi vizuri kunipita mimi nikiwa na miaka yake, na hili nimemuambia mara moja, hahitaji kulisikia mara mbili. Akashika telefone ya kaka yake, akaifanya nyeupe yote kama sahani, akalaza negatifu juu, akaipiga na yake. Akabonyeza kitu. Nyeusi ikawa nyeupe, nyeupe ikawa nyeusi, na Papa Kabutwa akaniangalia, mu jikoni yangu.

Kuenda Goma, kungoja, kurudi, mimi ilikuwa inanichukua mwezi. Yeye alikuwa hajamaliza ndizi yake.

"Koko, iko nusu," akasema. "Mama Faida atasumbuka. Ngoja."

Akachukua ule uso nusu, akaugeuza, akaubandika ku mwenzake. Uso muzima. Macho mbili sawasawa, masikio mbili, na pua katikati kabisa, pana, pua ya mutu mwenye hakosi nyama. Mwanaume muzuri sana. Tukazitoa ku karatasi zote mbili, ile nzima na ile nusu, na Siku ya Mungu kiisha ya misa tukaenda Lushebere.

Njiani nilimuambia Neema tuanze na ile nzima. Nilikuwa ninasikia haya kuletea mujane nusu ya bwana yake.

Mama Faida akatupa kigoda, akapangusa mikono ku kikwembe, akashika karatasi. Akaipeleka mbali, akaileta karibu.

"Ni nani huyu?"

Neema akaniangalia. Nikasema, "Angalia vizuri, Mama Faida."

"Ninaangalia vizuri. Anatafuta kura?"

"Hapana."

"Basi kwa nini anacheka na mimi?" Akanirudishia. "Huyu simujui. Na ile pua, alikuwa anakula peke yake mu nyumba?"

Neema alikuwa anaangalia chini. Nikatoa ile nusu, nikaiweka ku magoti ya Mama Faida.

Kwanza akamuona mbwa. "Watasema," akasema, polepole, kama anamuita aje kula. Kiisha kidole chake kikatembea juu ya wavu, juu ya muti, mpaka pale mukasi ulikata. Kikasimama.

Akageuza karatasi kidogo ku mwangaza.

"Iko inakimbia," akasema. "Ile pua. Aah! Ilikuwa inakimbilia upande huu. Mimi nilikuwa ninaitafuta katikati."

Nikaona afadhali niseme yote mara moja. "Mama Faida, uliniona nikiapa mbele ya bugali. Ile foto niliipiga siku ya muguu wa nyama. Nilimuibia. Kwa hiyo niliificha, hata kwako."

"Ninajua."

"Unajua nini?"

"Muguu ule ni mimi nilikuletea. Nilimuuliza, Papa Kabutwa, kwa nini mwanamuke anapewa muguu wa mutu mwenye aliua? Akasema: 'Leo kuna mutu alikamata mwenye wavu. Ni sehemu yake. Lakini usimuambie, atajivuna.'" Akanitazama. "Mimi nilingoja uilete. Kila ulipofika niliangalia mikono yako. Nikasema basi, iliungua ku Goma. Sikuuliza, juu yeye alinikataza. Na weye haukusema, juu yeye alikuapisha."

"Yule muzee!" nikasema.

"Yule muzee," akasema.

Tukacheka kidogo, si mingi, kulikuwa na watu mu shitingi za pembeni na wangefikiri tumekunywa. Miaka yote ile, wanawake wawili na foto moja, kila mutu amefunga kinywa juu ya mwanaume mwenye hakupenda kueleza.

Kiisha nikamuambia pole, upande ule mwingine ulibaki ku Goma, chini ya mukasi, na hakuna namna ya kuurudisha.

Mama Faida alikuwa anapitisha kidole ku lile sikio moja, lile jicho moja, ile nusu ya kinywa.

"Uache," akasema. "Mimi nilikuwa ninalala upande huu."

Neema alikuwa ku mulango, telefone mu mukono. Nilimuona akitafuta ule uso muzima, ule muzuri, wa mutu wa kura. Kidole chake kikasimama ku fasi ya kufuta. Akamuangalia Mama Faida, hakuangalia telefone. Akangoja. Mama Faida akaweka foto ku kifua, akapumua, mabega yakashuka.

Hapo Neema akabonyeza, na ule uso mwingine ukafutika. Ile siri ya kungoja, sikumufundisha. Hakutangulia na hakuchelewa.